Namna ya Kuandika Historia ya Timu ya Familia Katika Mbio za Magari na Pikapu za NASCAR

Historia nyingi za timu za familia katika mbio za NASCAR, yaani kampuni inayosimamia mbio za magari ya stoki Marekani, huharibika tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu mwandishi huanza na dereva. Dereva ndiye anayepigwa picha akiwa ameshika kombe, na jina lake ndilo linalobaki midomoni mwa watu, lakini timu ni kitu kingine kabisa. Timu ni watu waliolipia matairi, karakana walimojenga injini, namba iliyochorwa mlangoni na deni lililobaki benki msimu ulipokwisha. Mwongozo huu umekusudiwa mtu anayetaka kuandika historia ya timu ya namna hiyo huko Marekani, iwe ilishindana kwa magari ya stoki, yaani yale yaliyotokana na magari ya kawaida ya barabarani, au kwa pikapu, au kwa yote mawili. Msimamo wangu ni mmoja: kazi hii ifuate umiliki, si usukani.

Umiliki kabla ya usukani

Anza kwa kuandika, kwenye karatasi moja, majina ya wote waliowahi kuimiliki timu pamoja na tarehe ambazo umiliki ulihama. Uthibitisho wake haumo katika kumbukumbu za mashabiki bali katika hati za serikali. Kumbukumbu za usajili wa kampuni hutunzwa na jimbo, na hati za ardhi hutunzwa na kaunti. Kwa hiyo anayefuatilia timu ya North Carolina ataanzia katika ofisi ya Katibu wa Jimbo iliyoko Raleigh, kisha ataenda kwa msajili wa hati wa kaunti ambamo karakana ilijengwa. Hati hizo hazisisimui, lakini zinaweza kukuonyesha mwaka ambao mke aliandikwa kuwa mkurugenzi, mwaka ambao shamba la babu liliwekwa rehani, na siku ambayo mshirika kutoka nje ya ukoo alipewa sehemu yake. Kumbukumbu za mbio zenyewe hutaja mmiliki kando ya dereva, na NASCAR huhesabu pointi za wamiliki mbali na pointi za madereva. Kwa mwandishi wa historia ya timu, pointi za wamiliki ndizo zenye uzito zaidi.

Mfano wa familia ya Elliott kutoka Dawsonville, Georgia, unaonyesha kwa nini jambo hili si la kupuuzwa. George Elliott aliwaingiza wanawe mbioni: Bill akashika usukani, Ernie akajenga injini, na Dan akashughulikia gia. Mwaka 1985 Bill alishinda mbio 11, zikiwamo tatu kati ya zile nne kubwa ambazo wenye chapa ya sigara ya Winston waliahidi kuzilipia zawadi ya dola milioni moja, na zawadi hiyo akaitwaa. Mwandishi asiye makini ataandika kwamba huo ulikuwa ushindi wa timu ya familia. Ukweli ni kwamba wakati huo timu ilikuwa mali ya Harry Melling, mfanyabiashara wa Michigan aliyeinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mikono na maarifa vilikuwa vya ndugu wale watatu, lakini mali ilikuwa ya mtu mwingine, na historia ya haki haina budi kuyasema yote mawili kwa pamoja. Vivyo hivyo, Chase Elliott, mwana wa Bill, alikuwa bingwa wa daraja la Cup, yaani daraja la juu kabisa, mwaka 2020 akiendesha gari la Hendrick Motorsports; ubingwa huo ni sehemu ya historia ya ukoo, lakini si sehemu ya historia ya timu ya ukoo.

Kosa hilohilo hutokea hata kwa familia ya Petty, ambayo mambo yake yameandikwa mno. Lee Petty alianza mwaka 1949 huko Level Cross, North Carolina. Mwanawe Richard akafikisha ushindi 200 na ubingwa mara saba, na timu yao, Petty Enterprises, inahesabiwa kuwa na ushindi 268. Msomaji akiziona namba hizo mbili hudhani ya kwanza imo yote ndani ya ya pili, kumbe sivyo. Ushindi wa 199 na wa 200, aliopata Richard mwaka 1984, ukiwamo ule maarufu wa tarehe 4 Julai huko Daytona mbele ya Rais Ronald Reagan, ulipatikana katika gari la timu ya Mike Curb. Kwa upande wa pili, Pete Hamilton, ambaye hakuwa wa ukoo huo, alishinda mbio kubwa ya Daytona 500 ya mwaka 1970 kwa gari la Petty Enterprises, na ushindi huo ni wa timu ya familia bila shaka yoyote.

Jedwali la mbio zote

Umiliki ukishajulikana, tengeneza jedwali la kila mbio ambayo timu iliingia, si zile ilizoshinda tu. Weka tarehe, uwanja, namba ya gari, aina ya gari, dereva, mmiliki, fundi mkuu, nafasi ya kuanzia na ya kumalizia, mizunguko iliyokamilishwa, fedha za zawadi, na sababu ya kutoka mbioni ikiwa gari halikumaliza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa humo ndimo hali ya timu inamojieleza yenyewe bila msemaji. Ukiona injini zimekufa mfululizo mwezi baada ya mwezi, uliza kama familia ilikuwa ikitumia injini kuukuu kwa kukosa fedha za mpya. Na ukiona gari linatoka baada ya mizunguko michache tu, wiki nenda wiki rudi, inawezekana kwamba timu iliingia ili kuchukua fedha za ushiriki na kuokoa matairi, jambo ambalo timu nyingi ndogo zimelifanya ili zisifungwe.

Majina ya madaraja yatakutatiza, kwa hiyo yapange mapema. Daraja la juu liliitwa Strictly Stock mwaka 1949, likawa Grand National mwaka 1950, na kuanzia mwaka 1971 likabeba jina la Winston. Baadaye likaitwa Nextel kuanzia 2004, Sprint kuanzia 2008, Monster Energy kuanzia 2017, na tangu 2020 linaitwa NASCAR Cup bila jina la mdhamini. Hatari kubwa zaidi iko katika jina Grand National, ambalo daraja la juu liliachana nalo katikati ya miaka ya 1980, kisha likatumiwa na daraja la pili. Gazeti la mwaka 1968 likisema kwamba kijana fulani alishinda mbio ya Grand National, linazungumzia kilele cha mchezo. Gazeti la mwaka 1995 likisema hivyohivyo, linazungumzia ngazi iliyo chini yake.

Angalia pia urefu wa msimu kabla ya kulinganisha vizazi. Mwaka 1964 daraja la juu lilikuwa na mbio 62, nyingi zikiwa katika viwanja vifupi na katikati ya wiki, ilhali mwaka 1972 ratiba ilipunguzwa hadi mbio 31. Tena, si kila timu ilikwenda kila mahali. Wood Brothers, iliyoanzishwa mwaka 1950 huko Stuart, Virginia, na ndugu Glen na Leonard Wood, kwa miaka mingi ilichagua mbio zake: mwaka 1973 David Pearson aliingia mbioni mara 18 tu katika gari lao namba 21, na akashinda mara 11. Mtu anayetazama jumla ya pointi za msimu ule ataiona timu ya kawaida, wakati kwa hakika ilikuwa miongoni mwa timu kali kuliko zote zilizopata kuonekana.

Pale matokeo yanapobishaniwa

Usidhani kwamba matokeo rasmi ni maandiko yasiyoguswa. Mbio ya kwanza kabisa ya daraja la juu, tarehe 19 Juni 1949 huko Charlotte, ilimalizwa kwanza na Glenn Dunaway, lakini wakaguzi wakakuta springi za nyuma za gari lake zimebadilishwa, naye akafutwa, ushindi ukaenda kwa Jim Roper. Mmiliki wa gari lile, Hubert Westmoreland, alipeleka shauri mahakamani na kushindwa. Hapa kuna funzo la kazi: faili za mahakama ni chanzo ambacho waandishi wa michezo hukisahau, ingawa mmiliki anapodai haki yake hulazimika kueleza gari lilikuwa la nani, lilijengwa kwa ajili gani, na alitarajia kulipwa kiasi gani.

Mwaka 1959 unastahili kusomwa kwa utulivu. Katika Daytona 500 ya kwanza, tarehe 22 Februari, Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi, na Lee Petty akapinga. Ilichukua siku tatu, pamoja na picha na filamu za habari, kabla ya ushindi kukabidhiwa Lee. Mwezi Juni mwaka uleule, katika uwanja wa Lakewood huko Atlanta, Richard aliamini kwamba ameshinda kwa mara ya kwanza maishani mwake, lakini kuna aliyekata rufaa dhidi ya hesabu ya mizunguko, naye alikuwa baba yake mzazi. Lee akapewa ushindi. Tukio hilo linaeleza tabia ya timu ile kuliko sifa zozote ambazo mwandishi angeweza kubuni, na ndiyo sababu napinga desturi ya kuandika matokeo ya mwisho peke yake. Andika yaliyotangazwa uwanjani, kisha yaliyoamuliwa baadaye, pamoja na jina la aliyelalamika na sababu yake.

Marekebisho yanaweza kuja hata baada ya nusu karne. Bobby Allison alishinda mwaka 1971 katika uwanja wa Bowman Gray, Winston-Salem, akiendesha Mustang ya daraja dogo lililochanganywa na magari ya daraja la juu, na ushindi huo haukuhesabiwa hadi mwaka 2024 NASCAR ilipoutambua, jumla yake ikafika 85. Kwa hiyo kila hesabu unayoichapisha iambatane na tarehe uliyoichukua.

Pikapu zina historia yake

Sehemu ya pikapu mara nyingi huandikwa kama kiambatisho, nami naliona hilo kuwa dhuluma kwa familia nyingi ambazo zisingeweza kamwe kumudu gharama za daraja la Cup. Daraja hili lilitokana na wazo la watu wa mbio za jangwani, likaanza rasmi mwaka 1995 kwa jina la SuperTruck, na mbio ya kwanza ikafanyika Phoenix, Arizona, tarehe 5 Februari, ambapo Mike Skinner alishinda katika pikapu ya timu ya Richard Childress. Mwaka uliofuata likaitwa Craftsman Truck, kisha Camping World tangu 2009, Gander tangu 2019, Camping World tena mwaka 2021, na Craftsman kwa mara nyingine tangu 2023.

Katika miaka ya mwanzo kulikuwa na mapumziko katikati ya mbio, kwa kuwa viwanja vingi vidogo havikuwa na piti, yaani sehemu za kuhudumia magari wakati wa mbio, za kutosha, na timu zilitumia muda huo kubadili matairi na kujaza mafuta. Mwandishi wa historia ya familia asilipite jambo hili haraka. Mahali ambapo hapakuhitajika kikosi cha kubadili matairi kwa sekunde chache, familia ingeweza kwenda mbioni na watu wachache, wakiwamo mafundi wa kujitolea na ndugu wa mke. Mapumziko yalipoondolewa, gharama za wafanyakazi na vifaa zilipanda. Ukiwa na jedwali lako, tazama ni timu zipi zilizokuwapo kabla ya mabadiliko hayo na hazikuonekana tena baadaye, kisha watafute watu wake uwaulize.

ThorSport ya Sandusky, Ohio, ni mfano mzuri wa timu ya pikapu inayomilikiwa na mume na mke, Duke na Rhonda Thorson. Ilianza mwaka 1996, na haikupata ubingwa hadi mwaka 2013 kupitia Matt Crafton, ambaye aliurudia mwaka 2014 na kuupata tena 2019 bila kushinda mbio hata moja katika msimu huo wa tatu. Ben Rhodes akaongeza wa 2021 na wa 2023, na Ty Majeski wa 2024. Maswali ya kuuliza hapa ni mawili. Familia iliwezaje kustahimili miaka mingi hivyo kabla ya ubingwa wa kwanza, na kwa nini ilibaki Ohio wakati timu nyingi zimejazana kando ya Charlotte, walipo mafundi na wauza vipuri? Jibu litapatikana kwenye biashara iliyo nje ya mbio, kwani karibu kila timu ya familia iliyodumu ina biashara nyingine inayoilisha.

Usisahau pia timu za magari zilizojaribu pikapu. Petty Enterprises yenyewe iliingiza pikapu namba 43 mwishoni mwa miaka ya 1990, Jimmy Hensley akiwa miongoni mwa madereva wake, na sura hiyo huachwa katika masimulizi mengi. Jon Wood, mjukuu wa Glen, aliendesha pikapu za timu nyingine kabla ya kuingia katika uongozi wa timu ya ukoo wake.

Kuwasikiliza wazee

Mahojiano yaje baada ya jedwali, si kabla. Mzee akiulizwa, "Hebu tueleze mambo ya zamani," atakusimulia yale aliyokwisha kuyasimulia mara mia. Lakini ukimwekea mbele orodha ya mbio za msimu mmoja na kumwuliza, "Mzee, hapa injini ilikufa kwenye mzunguko wa 40, na wiki iliyofuata mlikuja na gari la aina nyingine, lilitoka wapi?", kumbukumbu halisi huamka. Rekodi sauti kwa idhini iliyoandikwa na kutiwa saini, inayoeleza wazi nani atakuwa na haki ya kuitumia. Mhoji kila mtu peke yake kwanza, kisha warudie wakiwa pamoja, kwa sababu mbele ya kaka mkubwa, mdogo hunyamaza.

Tafuta wanawake wa familia kwa bidii ileile. Kabla ya kompyuta kuchukua kazi hiyo, mizunguko ilihesabiwa kwa mkono na watu walioletwa na timu zenyewe, na mara nyingi walikuwa wake, mabinti na dada, ambao pia walitunza vitabu vya fedha na kuandika hundi za mishahara. Katika Wood Brothers, binti wa Glen, Kim Wood Hall, ameshika uongozi pamoja na kaka zake Eddie na Len. Daftari la matumizi lililotunzwa na mama wa familia lina thamani kubwa kuliko albamu kumi za picha za ushindi.

Picha nazo zinahitaji ukaguzi. Familia huandika nyuma ya picha mwaka wanaoudhani, kwa hiyo ithibitishe kwa rangi, mdhamini na aina ya gari. Richard Petty akiwa katika Ford ya mbio ni karibu hakika kuwa ni msimu wa 1969, kwani mwaka uliofuata alirudi Plymouth. Na nyekundu ya mdhamini STP haikuungana na buluu ya Petty kabla ya mwaka 1972. Hata hivyo, picha haithibitishi kwamba gari ni lilelile. Chesisi moja, yaani fremu ya gari, huweza kuvalishwa bodi mpya mara kadhaa, kupewa namba nyingine, kisha kuuzwa kwa timu ndogo zaidi. Mtu akikuonyesha gari na kusema ndilo lililoshinda mwaka fulani, omba namba ya chesisi na hati za mauzo kabla ya kuandika lolote.

Fedha, vifo na mwisho wa timu

Kuhusu fedha sema kile kinachothibitika. Mikataba ya udhamini kwa kawaida ni ya siri, na kiasi kinachotajwa vijiweni hukua kila mwaka. Unaweza, hata hivyo, kueleza jinsi kanuni zilivyoigusa familia. Mwaka 2016 NASCAR ilitoa hati 36 za ushiriki katika daraja la Cup, zinazoipa timu uhakika wa nafasi katika kila mbio, kwa timu zilizokuwa zimeshiriki mfululizo misimu ya karibuni. Wood Brothers, ambayo ilikuwa imeshinda Daytona 500 mara tano, ikiwamo ile ya 2011 na Trevor Bayne, haikupewa hati kwa sababu ilikuwa ikiingia mbio chache tu katika miaka hiyo. Daraja la pikapu halina mfumo huo, na tofauti hiyo ni sababu mojawapo inayofanya familia yenye mtaji mdogo iweze bado kuingia.

Mahali pagumu pa kuandika ni pale kifo kinapoingia. Lee Petty alifariki tarehe 5 Aprili 2000, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo kitukuu wake, Adam, mwenye umri wa miaka 19, akafariki katika mazoezi huko New Hampshire. Kyle, baba yake Adam, akaichukua namba 45 ya mwanawe. Ninashauri mambo kama haya yaandikwe kwa maneno machache, tarehe zikiwa sahihi, bila kubuni yaliyokuwa mioyoni mwa watu; kisha mwandishi arudi kwenye timu na kueleza nani alishika kazi ipi siku zilizofuata, kwa maana pengo la mrithi ni jambo la kihistoria linaloweza kufuatiliwa katika hati. Mnamo Januari 2009 Petty Enterprises iliungana na timu ya Gillett Evernham, na timu mpya ikaitwa Richard Petty Motorsports. Jina la familia lilibaki mlangoni, lakini kampuni iliyoanzishwa na Lee ilikuwa imekoma, na mwandishi mwaminifu anaifunga sura hapo, kisha anafungua nyingine yenye wamiliki wengine.

Kwa timu ambayo bado ipo, weka tarehe ya kikomo na uitaje. Wood Brothers ilipata ushindi wake wa 100 mwezi Agosti 2024 huko Daytona kupitia Harrison Burton, na hapo ni mahali pazuri pa kusimama kwa anayeandika sasa, kwani kila msimu mpya utalirefusha jedwali.

Rasimu ikiisha, ipeleke kwa familia ili wakague majina, ukoo na tarehe, lakini elewaneni mapema kwamba matokeo na hati za umma hazibadilishwi kwa ombi la mtu. Kisha nakala za sauti, jedwali na picha zisibaki kwenye kompyuta yako peke yako. Maktaba ya Appalachian State University huko Boone, North Carolina, ina mkusanyo wa mbio za magari ya stoki, na Jumba la Mashuhuri la NASCAR lililofunguliwa Charlotte mwaka 2010 nalo hutunza kumbukumbu za mchezo huu. Waandikie mapema uwaulize wanapokea nini na kwa masharti gani, kabla karakana haijauzwa na makabati yake hayajamwagwa.